Jani Nililomlisha Paka wa Mama Awino

Wenzangu, mimi ni mkosaji, na tena ni mjinga! Niliamini, kwa akili yote niliyoichuma kwenye masomo ya jioni, kwamba kuna ua linaloweza kumnyamazisha kiumbe yeyote mwenye domo.

Mnalijua. Ni lile la majani mapana yenye madoa meupe, kama limemwagiwa maziwa. Saluni zote zinalo, na mke wangu alilipanda kwenye kopo la rangi pale koridoni. Kinyozi wangu wa Kariobangi aliniapia kwamba mwanamke mmoja wa Mowlem, mmbea wa kuogopwa hata na redio, alitafuna kipande chake akakaa bubu toka Pasaka hadi Krismasi. Mumewe kwa furaha akalinunulia ua kopo jipya! Nami nikaimeza hadithi nzima bila maji.

Sasa jirani yangu Mama Awino, mjane, alikuwa na paka dume anayeitwa Waziri. Waziri alikuwa na koo, jameni! Akipanda juu ya mabati kutafuta wachumba, Dandora wanafunga madirisha. Lakini yule mama hakuwa na mwingine wa kuongea naye. Akifungua mlango asubuhi, "Waziri, umeamkaje?" Na paka anajibu! Kila asubuhi. Nami nilikuwa nikiwacheka.

Jumamosi moja, Mama Awino akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilikata jani, nikaliponda na samaki wadogo wa omena, nikamkamata Waziri. Akakataa kula. Nikambana katikati ya magoti, nikampanua mdomo, nikamsukumia kwa kijiko hadi kooni. Alijikuna ulimi kwa makucha, mate yakimtiririka kama bomba la maji la kanjo lililopasuka, na mimi nikacheka hadi nikaegemea ukuta.

"Waziri amefutwa kazi!" nikamwambia mke wangu.

"Umemfanya nini huyo paka, Baba Shiru?"

"Nimempa likizo."

Hakucheka.

Jioni Mama Awino akabisha. "Baba Shiru, mwanangu, umemwona Waziri? Namwita, haitiki."

"Huyo ameoa Kayole, mama. Ngoja kadi ya harusi."

Akatabasamu kwa heshima tu, akaenda zake akiita, "Waziri! Waziri!" Kimya. Nikajipongeza! Nililala usingizi wa mtoto aliyenyonya akashiba.

Asubuhi Mama Awino alimkuta chini ya karo la kufulia, mdomo umevimba, ulimi haurudi ndani. Akaniomba nimsindikize kwa daktari wa mifugo, eti mimi ndiye msomi wa ploti yetu ya kupanga. Nikambeba Waziri ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia.

Daktari akamchungulia mdomoni. "Amekula nini? Kwenu kuna maua?"

"Mimi sina maua," Mama Awino akasema.

Daktari akanigeukia. Nikatazama viatu vyangu. Neno moja tu lilihitajika, na sikulitoa! Niliogopa aibu mbele ya mama aliyenipikia uji nilipokuwa hoi kwa homa.

Basi daktari akamdunga sindano ya kubahatisha. Koo likazidi kuvimba. Waziri alifia mapajani mwa mwenyewe, mdomo wazi, akivuta hewa isiyoingia.

Na Mama Awino alinishukuru, mnasikia? Hadi leo ananitaja kwenye maombi ya jumuiya, mwana mwema. Nami nikisikia mlango wake unafunguliwa asubuhi, najifungia bafuni na kufungulia maji, nisimsikie akisahau na kuita.

Ewe uliye na hilo ua na paka nyumba moja, toa kimoja! Paka akilitafuna kwa bahati mbaya, msafishe mdomo kwa maji, mkimbize kwa daktari, na useme kila kitu, hata kama ni wewe uliyemlisha. Aibu haiui. Mimi nimeshuhudia kinachoua.

Baadaye nilirudi kwa yule daktari peke yangu, nikamweleza yote. Nikamuuliza kama angalau lile jani lilimtia ganzi, maana alinyamaza usiku kucha.

Daktari akasema, "Hilo jani halimtii ganzi mtu wala mnyama. Utomvu wake una vijisindano vinavyochoma ulimi na koo mpaka vikavimba. Yule paka alilia usiku kucha. Ni sauti tu haikutoka."