Askari wa Shangazi

Mtaa wa maghala ulikuwa na fundi cherehani mmoja ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Wengi walikwenda kwake kusikia nani kapakwa matope leo. Suruali ilikuwa kisingizio tu.

Siku moja mdogo wake, dereva wa lori, alimjia macho mekundu. Waasi wa msituni walimlazimisha abebe dawa za kulevya ndani ya magunia ya mahindi. Pesa ya dawa hizo ndiyo huwanunulia risasi. Akikataa, kaburi.

Shangazi akamweleza sajini wa kambini. Wakapanga: askari wajifanye wabeba mizigo, wamnase mpokeaji palepale ghalani.

"Akishtuka, mdogo wangu ndiye wa kwanza kufa," alisema Shangazi.

Akawashonea askari nguo za viraka. Nguo hazikuwa na shida. Shida walikuwa wenyewe.

"Haya, tembeeni nione."

Wakatembea, kushoto kulia, wote kwa pamoja.

"Jamani! Mnabeba magunia au mnazika rais? Legeeni! Wewe, jikune."

"Nijikune upande gani, afande?"

"Niite afande tena nikushone mdomo!"

Siku ya mzigo walilegea vizuri, mpaka mpokeaji, bwana mmoja wa miwani myeusi, alipofoka, "Nyie, simameni!"

Wakasimama. Vifua mbele, visigino pamoja, sajini akiwa nambari moja. Bwana akawatazama visigino. Akamgeukia dereva, mkono ukaingia kotini.

Shangazi akachomoka dukani kwake, jirani na ghala, futi ikining'inia shingoni, akamzaba sajini kofi.

"Unajifanya mlingoti nisikuone? Suruali umevaa, deni umelikimbia! Na nyie mmejipanga mstari, nani anawapiga picha?"

Bwana akacheka hadi mkono ukatoka kotini kushika mbavu. "Mwongeze, mama!"

Akamwongeza. Bwana alipovua miwani afute machozi, askari walikuwa wameshamdaka mikono yote miwili.

"Shangazi," sajini alilalamika akipapasa shavu, "kofi la kwanza nimelielewa. La pili je?"

"Limeombwa na raia. Si ulisema tushirikiane na raia?"

Mdogo wake akateremka kwenye lori. Shangazi alimkumbatia muda mrefu bila kusema neno, na mtaa mzima ukashangaa: kumbe yule mama anaweza kunyamaza.