Kaseti ya Kuku

Kaseti ya kwanza tuliirekodi Jumamosi mchana, sebuleni kwetu Kitale. Watoto nilikuwa nimewafukuza waende kwa jirani. Mzee wangu, baba watoto, ndiye alishika redio, ile ya kaseti mbili, ambayo ukitaka kurekodi unafinya kitufe cha nyekundu na cha kando yake pamoja. Akafinya, akaninyoshea kidole nianze. Maneno yote yakapotea.

Mimi maneno yakipotea huwa naomba. Nikashukuru Mungu kwa siku na kwa mvua, nikaombea akina mama wenye watasikiza, nikaombea na kuku yao, mmoja mmoja, wa mayai na wa kulalia. Katikati ya maombi jogoo yetu ikakuja mpaka kwa dirisha ikawika.

"Imeharibika," mzee akasema. "Tuanze upya."

"Maombi haifutwi," nikamwambia.

Akaninyoshea kidole tena. Hapo ndipo nikaeleza mambo ya chanjo, na sikusoma karatasi. Kwa ngumbaru, shule yetu ya jioni, mwalimu alikuwa anasema mimi nikisoma kwa sauti ni kama natangaza kifo.

Binti yangu ako college sasa, na ananiambia hiyo kitu ina jina, ati inaitwa podcast. "Ni vile tu yako ilikuwa inatembea na miguu, mama." Sikuwa najua. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kuuza chanjo ya kuku.

Tulikuwa na duka ndogo ya agrovet nyuma ya soko. Dawa ya ng'ombe, wanaume walikuja kununua wenyewe, hata kabla nifungue mlango. Lakini kwetu ng'ombe ni ya baba na kuku ni ya mama, na mama hakuna mahali alikuwa anasikia habari ya chanjo. Kila kiangazi ugonjwa ya kideri inapita, kuku inapinda shingo, inaharisha kijani, na kwa wiki boma imenyamaza. Mama anapoteza pesa ya chumvi na ya sabuni, na heshima ya kupikia mgeni. Shida ingine ilikuwa chupa yenyewe. Chupa moja inatosha kuku ya mtaa mzima, na ukishaichanganya ni lazima iishe siku hiyo. Mama wa kuku sita ataifanyia nini? Ilikuwa lazima wakubali pamoja, siku moja.

Mzee alikuwa amevumilia chupa nyingi zikimwagwa. Aliniambia, bila hasira, "Jaribu mara moja ya mwisho. Ikikataa, tubaki na mbegu na dawa ya kupe." Nikasema sawa. Nikachagua Ndalu.

Ndalu kulikuwa na mama mmoja wa kanisa letu, fundi wa nguo. Cherehani yake ilikuwa kwa veranda, ng'ambo ya posho mill, na akina mama wakingoja unga walikaa kwake kwa kivuli. Hapo mikono haina kazi, ni masikio tu. Nikampatia kaseti. Akaicheza kila siku, katikati ya kaseti zake za mahubiri, na akanitumia salamu kwamba watu wameipenda sana na siku ya soko watajaa.

Kweli walijaa. Nilifika na chanjo ndani ya kibuyu cha barafu, nimekifunga na sweta, nikakuta veranda imejaa mpaka barabarani. Kuku zilikuwa kwa vikapu, kwa leso, zingine zimeshikwa miguu kichwa chini. Nikasema moyoni, asante Baba.

Wa kwanza alikuwa kukhu mmoja, nyanya mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alifungua leso yake, akatoa kuku imepinda shingo, macho imefunga.

"Anza na huyu," akasema. "Muombee."

"Kukhu, mimi nimekuja kuchanja."

"Kuchanja baadaye. Kwa kaseti si uliomba? Hata jogoo ikaitikia amina."

Nikaangalia kikapu ya pili. Mgonjwa. Ya tatu, mgonjwa. Nikauliza kuku wazima wako wapi.

"Nyumbani," mama mmoja akajibu. "Mzima ataombewa nini, bana?"

Hao watu hawakuja kwa chanjo. Walikuja kwa maombi, na ni mimi niliwaita. Ningeweza kuomba, niweke kila kuku tone moja kwa jicho, wafurahi, na chupa iishe. Lakini hiyo chanjo inakinga tu, haiponyeshi. Hizo kuku zingekufa kabla ya Jumapili, na Ndalu yote ingesema dawa yangu inaua. Na zaidi, ingekuwa uongo, na nimeuanza na jina la Mungu.

Nikafunga kibuyu tena.

"Mama zangu, mnisamehe," nikasema. "Hii dawa haisaidii mwenye ashagonjeka. Mrudishe hao nyumbani, muwafungie kando na wengine, na mnawe mikono na sabuni. Mimi nitakuja kwenu nichanje wazima, boma kwa boma. Hapa siwezi, ugonjwa iko kila mahali."

Wakaanza kunung'unika. Mmoja nyuma akaniuliza, "Sasa uliomba ya nini, kama haisaidii?"

"Niliomba juu niliogopa redio."

Fundi wa nguo akacheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani, na wengine wakamfuata. Kukhu hakucheka. Alikuwa anafunga kuku yake polepole ndani ya leso.

"Hata mimi nikiogopa naomba," akasema. "Twende kwangu. Niko na wazima."

Tukaenda. Nilinawa mpaka viwiko kwa mtungi wake, nikachanganya chupa, na nikajua sasa hakuna kurudi. Yeye akashika kuku, mimi nikaweka tone jichoni, nikangoja ipepese, nikaachilia. Tulipomaliza akanishika mkono.

"Sasa omba."

"Kukhu, dawa itaharibika na jua."

"Omba fupi."

Nikaomba fupi, kibuyu kwapani. Nikatoka hapo nikakuta kwa mlango mama wengine wawili wananingoja, kila mmoja anataka nianze kwake. Boma ya kwanza ikanipeleka ya pili, na kila mahali ilikuwa tone, amina, twende. Jua likiinama, chupa ilikuwa tupu. Niliishika hivyo tupu mpaka Kitale nimwonyeshe mzee.

Ile kuku ya leso ilikufa siku ya pili. Kukhu mwenyewe alitangaza kwa veranda, akasema, "Alituambia." Kideri ikapita kiangazi hicho, na zile tulizochanja zikabaki zinachakura. Basi Ndalu wakaniita tena, na baadaye Matulo wakaniita, halafu kukaja mama kutoka Myanga, upande wa Bungoma, akitaka kaseti yao.

Nikakataa kumpatia ile ya zamani. Nikamwambia mzee tutarekodi upya: kwanza nieleze wazi chanjo inafanya nini na haifanyi nini, na maombi ije mwisho. Akakubali. Tukafukuza watoto tena, nikakaa kwa kiti, akaweka kaseti mpya.

Kabla hajafinya, akasimama. Nikafikiri anafunga dirisha. Akalifungua lote, akatoka nje na mahindi kwa mkono, akaimwaga chini ya dirisha, pale jogoo iliwikia. Akarudi, akakaa, akaninyoshea kidole.