Siku Baba Alipokagua Sufuria za Nyeri

Ilianza na tumbo. Daktari aliniambia niache maziwa kwa muda, nikaacha, tumbo likatulia. Baadaye mayai yakanichosha, halafu nyama, na kabla sijajua nilikuwa mtu asiyekula chochote kilichotoka kwa mnyama. Mjini Nyeri, ambako nauza dawa za mifugo kwenye duka la agroveti, jambo hilo halikumsumbua mtu. Nilikuwa nikichemsha viazi na maharagwe chumbani kwangu na kunyamaza. Shida ilikuwa baba yangu. Yeye hufuga ng'ombe wa maziwa kule Kangema, na ng'ombe hao ndio walionisomesha.

Jumamosi moja alikuja kunitembelea, amebeba mtungi wa maziwa. Nilimwambia pale pale stendi, kabla ujasiri haujaniishia. Baba huniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

"Ati hata maziwa, mama?"

"Hata maziwa, Baba."

Aliutazama mtungi kana kwamba nimeutukana mbele ya watu. Mwishowe akampa mwanamke aliyekuwa akipita na mtoto mgongoni, akapangusa mikono na kusema, "Haya, twende unionyeshe hiyo chakula yako."

Tuliingia hoteli moja karibu na soko. Niliagiza mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, pamoja na maharagwe, sahani mbili. Zilipofika, zilikuwa zinaogelea kwenye mchuzi mwekundu wenye vitone vya mafuta juu.

"Hii ni nini?" Baba aliuliza kabla sijafungua mdomo.

"Ni supu tu, mzee," mhudumu alisema, akitabasamu. "Nimewaongezea."

"Supu ya nini?"

"Ya ng'ombe. Lakini nyama hakuna hapo. Nyama imebaki jikoni."

"Huyu msichana hakuli kitu ya ng'ombe," Baba alisema kwa sauti ya mkutano. "Mimi mwenyewe nimemkasirikia, lakini hakuli."

Mpishi alitoka jikoni na mwiko wake. Alinitazama kwa huruma. "Ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Ni mambo ya kanisa?"

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

Baba akanigeukia. "Ee, mama, ni nini?"

Meza zote zilikuwa zimeacha kutafuna. Nilikuwa na sababu nzuri kichwani, nilizozipanga kwa miezi, na hakuna hata moja iliyojitokeza.

"Sitaki tu," nikasema.

"Umesikia?" Baba alimwambia mpishi. "Hataki tu."

Mpishi alituletea sahani nyingine, safi. Baba akaiinamia, akanusa. "Hii maharagwe imekaangwa na mafuta gani?"

"Ile nyeupe."

"Nyeupe ya mnyama?"

Mpishi alitazama dari. Nikaweka kijiko chini. Baba alikula sahani yake, kisha yangu, kisha ile ya tatu, ili chakula kisiharibike, na wakati wote huo alikuwa akinung'unika kwamba mji huu unataka kuniua kwa njaa.

Tukashuka hadi mtaa wa Majengo. Kwenye kichochoro karibu na msikiti kulikuwa na harufu ya iliki, na mama mmoja aliyejifunga leso alikuwa ameketi nyuma ya sufuria mbili.

"Karibuni. Mbaazi za nazi, na mahamri bado ya moto."

"Iko maziwa?" Baba aliuliza.

"Hamna maziwa, mzee. Ni tui."

"Tui inakamuliwa kutoka wapi?"

"Kwenye nazi. Naikuna kwa mbuzi, halafu naichuja."

Nilikuwa tayari nimemega hamri na kulichovya kwenye mbaazi. Baba akanishika mkono. "Weka chini, mama! Iko mbuzi!"

Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi aliingia ndani, akarudi na kigoda kidogo chenye ulimi wa chuma wenye meno. "Mbuzi ndiye huyu, baba yangu. Huyu hali majani."

Baba alikigeuza kigoda juu chini, akitafuta mnyama. Hakuridhika. Akaomba nazi, akaketi juu ya kigoda na suti yake ya safari, akakuna mwenyewe mpaka unga mweupe ukajaa magotini. Alipoonyeshwa namna ya kukamua, hakuhitaji kuonyeshwa mara ya pili. Mikono ile imekamua maisha yake yote. Tui lilipoanza kudondoka, zito na jeupe, alichovya kidole, akaonja, akafumba macho.

"Iko na malai," alisema taratibu, kama anayesifu maziwa yenye utando mzito juu. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo nimewahi kumsikia akitoa.

Nilikula mbaazi mpaka nikalegeza mkanda. Baba alikula pia, ingawa sijui alizitia wapi. Aliondoka na nazi tatu ndani ya mfuko.

Jioni mama yangu alinipigia simu.

"Umempa baba yako nini huko? Amepasua nazi na panga, maji yote iko kwa kochi."

"Na nyingine mbili?"

"Moja tumeweka kwa githeri, mahindi na maharagwe zote ni tamu, siwezi kukudanganya. Hiyo ingine ameipanda kwa shamba ya majani chai."

Nilimweleza kwamba mnazi hauwezi baridi ya Kangema. Nilisikia akimpasha Baba habari hiyo, na Baba akijibu kutoka mbali kwamba wewe ngoja tu. Nazi hiyo anaimwagilia mpaka leo.