Kungoja na Kamusi

Katika maisha yake fundi yule wa cherehani alishangoja mengi, lakini hakuna lililomchosha kama kumngoja mumewe amalize sentensi. Mume alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Mtaa mzima ulimwita Kamusi, naye akavimba kichwa kwa jina hilo. Ukimwomba akupishe mlangoni, atakueleza kwanza neno 'door' la mlango Waingereza walilitoa wapi, nawe umebeba ndoo kichwani.

Sasa jicho la kulia la mkewe, alilolitegemea kwa kuwa la kushoto lilikuwa hafifu tangu utotoni, lilikuwa limeingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, apasuliwe. Fundi alishafika mahali pa kutunga uzi kwa kupapasa, na juzi tu alishona shingo ya gauni ikazibika kabisa, mteja akauliza kichwa atatolea wapi.

Siku ya upasuaji walifika hospitali mapema, wakabanana kwenye benchi. Kipaza sauti kilikuwa kibovu, hivyo kila mara muuguzi alikuwa akichungulia mlangoni, akiita jina na kurudi ndani. Fundi akabanwa na haja.

"Mwalimu, naenda msalani. Wakiniita, itika."

"Nenda, mke wangu. Mimi nipo."

Kweli alikuwepo. Fundi aliporudi alimkuta amesimama mbele ya benchi, kidole kikielekea kibao cha ukutani kilichowaambia wagonjwa, kwa Kiingereza, wangoje.

"Hili 'wait' mnaloliona, asili yake si kukaa mkapiga miayo," alikuwa akisema. "Ni kulinda! Na 'waiter' zamani hakuwa mleta sahani. Alikuwa mlinzi wa lango la mji, macho kodo usiku kucha, adui asipenye."

"Na 'patient' je?" akauliza mmoja.

"Mwenye kuteseka! Mgonjwa na mwenye subira ni neno moja."

"Hapo hawakukosea," akasema bibi mmoja mnene, na benchi zima likacheka.

Fundi hakucheka. Akamwinamia bibi yule. "Mama, wameita nani?"

Bibi akataja jina. "Wameita wee, hakuna aliyeitika."

Lilikuwa jina lake. Fundi akamgeukia mumewe.

"Mwalimu, adui kapita."

Muuguzi naye, walipomfuata mlangoni, hakutaka kusikia. "Aliyepitwa anarudi wiki ijayo."

Kamusi akajitosa kumwokoa mkewe. "Binti yangu, kuhudumia, yaani 'attend', maana yake ya kwanza ni kujinyoosha kumwelekea mtu..."

"Nyamaza!" Fundi alimvuta shati mpaka kifungo kikaruka. Akamwambia muuguzi, "Mwanangu, mimi nakula kwa jicho hili. Siondoki." Akaketi kizingitini.

Bibi mnene ndiye aliyekuwa anafuata. "Mpe nafasi yangu," akasema. "Mimi mume wangu hana maneno mengi, naweza kungoja nyumbani hata wiki nyingine."

Muuguzi akakataa kupangua zamu, ila akakubali fundi aingizwe mwisho, kama daktari atakuwa bado na nguvu. Benchi likapungua mtu mmoja mmoja. Kamusi alisimama kando ya mlango, kimya, macho kwenye mdomo wa muuguzi, hata maji aliyopewa hakunywa. Jina la mkewe lilipotajwa aliitika "Yupo!" kwa kishindo, muuguzi akaangusha kalamu.

Kesho yake bandeji ikafunguliwa. Fundi akapepesa, machozi yakamtiririka, kisha ulimwengu ukaja wazi. Cha kwanza kukiona kilikuwa kola ya mumewe, imechanika imening'inia kama ulimi wa mbwa.

"Umekuwa ukitembea hivi mbele za watu?"

"Tangu jicho lako lilipoingia ukungu. Ningekuambia ungetaka kushona, ukajichoma."

"Mke fundi, mume matambara! Watu wamenisemaje?" Hasira zikampanda upya, huku akiinyoosha ile kola kwa vidole. "Haya, livue shati hilo."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Nyumbani utaanza kunieleza asili ya neno shati."

Wakarudi nyumbani Kamusi akiwa na fulana, mkewe amekumbatia shati kifuani, akimfokea njia nzima.