Dawa ya Injini ya Mzee Oluoch

Mzee Oluoch wa Ayany alikuwa na imani kubwa na dawa. Akikohoa, anameza. Kuku wa mkewe wakisinzia, anawatilia kitu kwenye maji. Na lile gari lake jeupe, aliloliendesha kama teksi tangu aache kazi ya ulinzi, lilikuwa limekunywa chupa nyingi kumshinda yeye mwenyewe: ya kuzuia moshi, ya kunyamazisha injini, na moja iliyodai kurudisha nguvu za ujana, ambayo aliinunua bila kuuliza swali lolote.

Fundi wake, Kagiri wa Riruta Satellite, alikuwa amechoka kumwambia.

"Baba Dalmas, oili ikitoka kiwandani imeshatiwa dawa zake zote. Wewe ukiongeza ingine ni kama kumwaga chumvi kwa mboga imeshaiva. Ring za pistoni zimeisha. Hakuna chupa inarudisha chuma."

"Na mbona kelele inapungua?"

"Inapungua kwa masikio yako."

Oluoch akacheka, akaenda zake. Ni mkaidi, lakini ukaidi wake una adabu: hakubishii, anakuitikia vizuri kabisa, kisha anafanya lake.

Ndipo mchuuzi mmoja wa Kawangware akamuuzia chupa ya kusafisha injini kwa ndani. Maandishi yalisema uitie kwenye oili, uache injini ingurume kidogo gari likiwa limesimama, kisha umwage oili yote utie mpya. Oluoch alivaa miwani akasoma neno kwa neno, na alipofika pale pa kumwaga akaudhika. Nani anameza dawa kisha anaitapika makusudi? Akaiacha humo humo ifanye kazi yake. Na gari likatulia kweli, likawa linanguruma kwa upole hata yeye mwenyewe akashangaa, na hakulala mpaka aende kumringia Kagiri.

Kagiri alisikiliza injini, akauliza, "Ulimwaga?"

"Nimwage nini?"

Fundi akaweka spana chini. "Sasa uchafu wote wa hiyo miaka umebanduka. Uko kwa oili, unatafuta mahali pa kuziba. Wacha gari hapa, nifungue sampu, hiyo beseni ya oili huko chini, leo."

"Leo haiwezekani. Christine anaweza kupiga simu wakati wowote."

Christine alikuwa mke wa mwanawe, Dalmas, na alikuwa akikaa kule Kabiro, mimba imetimia. Dalmas yuko mjengoni Kitengela. Adero, mke wa Oluoch, ameenda matangani Homa Bay. Mimba ya kwanza ya Christine ilipotea yeye na Dalmas wakiwa kando ya barabara wakingoja gari ambalo halikuja. Kwa uchungu wa siku ile Oluoch alisimama mbele ya jamaa na wakwe akasema mtoto mwingine akija, yeye ndiye atakayempeleka mama yake hospitali, kwa gari lake, kwa mikono yake. Na mtu akishasema hivyo mbele ya wakwe, amejifunga.

"Basi nisikize," Kagiri akasema. "Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima hapo hapo. Usijiambie ni hapo mbele tu. Injini itanoki, igonge mpaka ife, na ikinoki utaiuza kwa kilo kama chuma chakavu."

Simu ilikuja alasiri moja ya mvua. Oluoch alipofika Kabiro, Christine alikuwa amesimama mlangoni ameshika ukuta. Aliingia nyuma, kwa maana mke wa mwana hakai mbele na baba mkwe. Hawa wawili hata mezani hawajawahi kula pamoja. Oluoch akakigeuza kile kioo cha kuonea nyuma mpaka kikaangalia paa, asije akamwona katika hali ile, akaondoa gari.

Naivasha Road ilikuwa imesimama. Magari yameshikana bampa kwa bampa, na boda boda zinapita pembeni zikirusha matope. Hapo, gari likiwa limetulia, taa nyekundu ikakonyeza mara moja, ikazimika. Ikawaka tena. Oluoch akazima injini.

"Baba, mbona unazima?"

"Naokoa petroli."

Magari yakasogea, akawasha, yakasimama, akazima. Nyuma yake pumzi zilikuwa zinakuja kwa kukatika, kisha mlio mdogo wa mtu anayeuma leso. Alipofika Ngong Road taa iliwaka na kubaki imewaka.

"Hiyo nyekundu ni ya nini, Baba?"

Oluoch hakugeuka. "Ni mlango. Haukufunga vizuri."

Akamsikia akijivuta, akifungua mlango kidogo, akiubamiza kwa nguvu zote alizobakisha.

"Sasa je?"

"Sasa uko sawa."

Taa ilikuwa inamtazama usoni. Zima hapo hapo, alisema Kagiri. Na azime, kisha iweje? Mvua ile, barabara ile, na msichana yuleyule kando ya barabara akingoja gari kwa mara ya pili. Asipozima, kesho ataamka bila kazi, mzee wa umri wake, na hakuna anayeajiri mlinzi wa mvi. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Mguu wake ulienda kwenye breki wenyewe. Aliuona ukienda. Akauondoa, akaurudisha kwenye mafuta.

Injini ikaanza kugonga, kwanza kama kijiko kwenye sufuria, baadaye kama nyundo. Madereva walimtolea vichwa madirishani. Oluoch alishika usukani akawa anaiomba kwa Kijaluo, maneno ambayo hayafai kuandikwa, mpaka geti la hospitali likatokea. Mlio mmoja mkubwa, na gari likafa hapo hapo getini. Askari na akina mama wa ndizi wakalisukuma ndani, Christine akatolewa kwa kiti cha magurudumu. Oluoch alibaki kwenye usukani, na kioo bado kimeangalia paa.

Kagiri alipofungua sampu alikuta chujio la oili limezibwa na uchafu mweusi mzito kama ukoko. Hakumcheka.

"Ningeimwaga ingekuwa sawa?" Oluoch akauliza.

"Injini chafu hivi, hata kuitia hiyo dawa ningekukataza."

Mtoto alipotimiza siku za kutolewa nje, Oluoch alikwenda Kabiro kwa miguu, akapewa kiti uani kama desturi inavyotaka. Dalmas akamwekea msichana mdogo mapajani. Christine alisimama mlangoni, mbali kidogo.

"Baba, ule mlango ulitengenezwa?"

"Ulitengenezwa."

"Baba yangu alikuwa na pikapu ya samaki," Christine akasema. "Hiyo taa naijua tangu nikiwa mdogo."

Oluoch akainua uso, akamtazama mkwewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Na ukafunga mlango."

"Niliogopa nikisema, utasimama."

Alitaka kumwambia kwamba asingesimama hata kidogo. Akakumbuka mguu wake ukienda kwenye breki. Akamfunika mtoto vizuri kwa shali.

"Hata mimi niliogopa hivyo," akasema.