Siku Ishirini na Moja za Zege

Nakumbuka asubuhi ile serikali ilipotuita Bukoba mjini, sisi makandarasi wadogo na vijana wetu wa kazi, tufundishwe ujenzi bure. Mimi, mwanangu, niliishia darasa la nne, na tayari nyumba nilizojenga zilikuwa zimesimama kuanzia Maruku mpaka Muleba. Mbele akasimama binti mhandisi. Nikasaini karatasi, nikanywa chai yao, nikaondoka. Projestus, fundi mwenzangu tuliyeanza naye kubeba mawe, alikaa siku zote tano.

Wakati huo tulikuwa na zege la ghorofa huko Muleba, lina siku tisa, na mvua haikatiki. Nilitaka kutoa mirunda, ile miti inayolibeba zege kutoka chini, niipeleke kwenye kazi yangu ya Kashai.

"Kaka, tumefundishwa siku ishirini na moja," Projestus akasema.

"Na yule binti? Amemwaga zege wapi, kwenye daftari?"

Akacheka. "Lakini daftari lake halijamwangukia mtu."

Nikachukua nyundo, nikagonga zege, nikasikiliza. Ndivyo tulivyorithi kwa mafundi waliotutangulia: likitoa sauti kavu, limeiva. Likatoa sauti kavu. Juu lilikuwa limeiva kweli, mwanangu. Nyundo haifiki ndani.

"Toa," nikamwambia. Mkubwa wa kazi nilikuwa mimi, naye hakuzoea kunikatalia. Akaingia chini. Alipotoa mrunda wa sita, zege likashuka lote.

Tulimzika kwenye kibanja chao, shamba lao la migomba, Ijumbi. Mama yake akaniuliza mbele ya watu, "Huko Bukoba hawakuwafundisha?"

"Yeye walimfundisha, mama. Mimi sikukaa."

Hajanisemesha mpaka leo, na simlaumu.

Mikono yangu bado najivunia, sitakudanganya. Ila ilinifundisha yale tu yaliyokwisha kunitokea. Ambalo halijanitokea, ilibidi niambiwe.

Basi mafunzo yakifika kwenu, nenda, kaa mpaka mwisho, uliza hata wakikucheka. Mwenzako aliyekaa akikwambia subiri, subiri. Na mkubwa wako akikutuma chini ya zege bichi, hata awe mzee kama mimi, kataa. Kazi nyingine utapata.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe wakubwa wenye masikio, na kila jioni urudi kwa mama yako kwa miguu yako mwenyewe.