Springi Moja Inatosha

Mume wangu ni fundi viatu, na ubishi ndiyo kazi yake ya pili. Springi moja kati ya mbili zinazoinua mlango wa gereji yetu ilipokatika, fundi milango alimshauri abadilishe zote mbili, kwa kuwa zimechoka pamoja.

"Hiyo nzima imekukosea nini?" mume wangu akafoka. "Funga moja, uende zako!"

Fundi akafunga moja, akaenda zake. Asubuhi iliyofuata mlango ukapanda upande mmoja tu, ukakwama, gari likiwa ndani.

"Wateja wako huwaambiaje?" nikamuuliza. "Si kila siku unawafokea kwamba soli hubadilishwa zote mbili, la sivyo watachechemea?"

"Mlango hauna miguu," akanijibu, kisha akaenda kazini kwa miguu.